Bunduki ya 1917 inapiga kulia: kosa ni la risasi au la vilengeo?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Niko Kanada, mwanachama wa klabu ya kulenga shabaha. Bunduki yangu ni Lee-Enfield fupi, SMLE Mk III*, ya mwaka 1917. Nikipiga mita 100 matundu yanakaa pamoja vizuri, lakini yote yako kulia, kama sentimita 15 kutoka katikati. Mwenzangu mwenye Mosin-Nagant 91/30 ana tatizo kama langu, naye anasema ni kawaida: risasi inazunguka, kwa hiyo lazima ichepuke, na bunduki za kale ndivyo zilivyo. Ni kweli? Tena tuna mashindano ya mita 300 hivi karibuni. Nirekebishe kiasi gani?

Jibu: Marahaba, ndugu. Mwenzako ametaja jambo la kweli, ila amelipeleka mahali lisipohusika. Risasi inayozunguka huchepuka, hilo halina ubishi. Lakini mchepuko huo hauwezi kueleza matundu yako kwa sababu mbili: unaelekea upande mwingine, na ni mdogo mno.

Tuanze na upande. Mtutu wa SMLE una mifuo mitano, yaani mikato ya ndani inayoizungusha risasi, inayosokota kushoto, mzunguko mmoja kwa kila inchi 10. Mifuo ya kushoto huchepusha risasi kushoto. Yako inakwenda kulia. Hapo tu hoja ya mwenzako imeshakufa, maana kama mchepuko ungekuwa na nguvu anayoisema, ungekuwa unakusaidia.

Sasa ukubwa. Risasi ya Mk VII, ile ya kawaida ya .303 ya bunduki yako, ya greni 174 (kama gramu 11), hutoka mdomoni mwa mtutu kwa kasi ya takriban mita 744 kwa sekunde. Kwa msokoto huo inazunguka karibu mara 2,900 kila sekunde. Kitu kinachozunguka kwa kasi hiyo kina tabia ya pia ya watoto: ukikisukuma upande mmoja hakiendi unakokisukuma, kinageukia pembeni. Njia ya risasi inapinda kuelekea chini muda wote, kwa hiyo hewa huigusa pua zaidi kutoka upande wa chini. Badala ya kuinuka, pua hugeuka kidogo upande wa mzunguko na kubaki hivyo, kwa pembe ndogo sana. Kuanzia hapo risasi inaruka ikiwa imeuelekeza ubavu kidogo kwenye hewa, na hewa inaisogeza upande huo polepole hadi ifike.

Neno la kushika hapo ni "polepole". Mchepuko unategemea muda wa kuwa hewani kuliko kitu kingine chochote. Kanuni ya makadirio ya Mmarekani Bryan Litz inafaa kwa hesabu za namna hii: chukua kipimo cha uthabiti wa risasi (namba inayoonyesha mzunguko unaiweka imara kiasi gani), jumlisha 1.2, zidisha kwa 1.25, kisha zidisha kwa muda wa kuruka (kwa sekunde) uliopandishwa kwa kipeo cha 1.83. Jibu linatoka kwa inchi. Kwa Mk VII kipimo cha uthabiti ni kama 2, basi kwa sekunde nzima ya kuruka unapata inchi 4, yaani sentimita 10. Sekunde moja ni kama mita 600. Kwa mita 300, muda ukiwa chini kidogo ya nusu sekunde, unapata sentimita 2.5. Kwa mita 100 unapata milimita 3. Wewe unalalamikia milimita 150.

Kanuni hiyo ilitengenezwa kwa risasi za kisasa, na ya kwako ina kitako bapa na umbo la zamani, kwa hiyo usiibebe hadi milimita ya mwisho. Lakini majedwali ya Kirusi ya risasi nyepesi ya Mosin yanasema karibu hayohayo: sentimita 2 kwa mita 300, 12 kwa mita 600, na karibu 60 kwa mita 1,000. Tazama jinsi inavyopanda: umbali ukiongezeka mara mbili, mchepuko unaongezeka zaidi ya mara nne. Ndiyo maana jambo hili ni la kweli kabisa kwa mpigaji wa mita 900 na ni hadithi tu kwa mpigaji wa mita 100.

Risasi za polepole ni habari nyingine kidogo. Martini-Henry ya .577/450, bunduki ya Kiingereza ya karne ya 19 yenye mifuo saba ya kulia, mzunguko mmoja kwa inchi 22, hurusha risasi ya greni 480 kwa takriban mita 410 kwa sekunde. Kufika mita 300 inahitaji karibu sekunde nzima, na kwa hesabu ileile mchepuko wake hapo ni kama sentimita 9 kulia, zaidi ya mara tatu ya .303. Hali ni ya namna hiyo kwa Mauser ya 1871 ya milimita 11, bunduki ambayo askari wengi wa Schutztruppe, jeshi la koloni la Wajerumani, walikuwa nayo Tanga Novemba 1914: risasi ya gramu 25, gramu 5 za baruti nyeusi, na wingu la moshi lililomwonyesha adui mpigaji alipo. Hata kwa bunduki hizo, sentimita 9 kwa mita 300 ni ndogo kuliko makosa mengine tutakayoyaona.

Majeshi yaliujua mchepuko huu na mengine yaliushughulikia kwenye vilengeo vyenyewe. Kilengeo cha Buffington kilichowekwa kwenye bunduki ya Kimarekani, Springfield ya kukunja mlango, mwaka 1884, na kile cha Springfield ya 1903 baadaye, kilitengenezwa ili kadiri unavyokipandisha kwa umbali mkubwa, tundu au mkato wake usogee kushoto wenyewe, kufidia mchepuko wa kulia. SMLE yako haina ufundi huo.

Sasa twende kwenye vilengeo vyako, ambako ndiko kwenye kesi.

Kati ya kilengeo cha nyuma na cha mbele kwenye SMLE kuna takriban milimita 493. Kwa urefu huo, kosa la sehemu moja ya kumi ya milimita kwenye kilengeo chochote linahamisha tundu sentimita 2 kwa mita 100. Kosa la milimita 0.1 hulioni kwa macho. Kosa la milimita 0.74, ambalo ndilo linaloleta sentimita zako 15, utaliona tu ukijua pa kuangalia. Mwaka 1900, vita vya Makaburu vikiendelea Afrika Kusini, Waingereza waligundua kuwa Lee-Enfield walizopewa wanajeshi zilikuwa zinapiga karibu inchi 18 kulia kwa yadi 500. Kwa urefu wa vilengeo vya bunduki hiyo, hilo ni kosa la kama nusu milimita, na lilitoka kiwandani. Ya kwako imepita mikononi mwa watu kwa zaidi ya miaka mia. Kuna aliyebadilisha mtutu, kuna aliyegonga kilengeo ili kimfae yeye na risasi zake, kuna aliyeiangusha.

Tena mwaka wa bunduki yako unaongeza shida. Mk III ya awali ilikuwa na kilengeo cha nyuma kinachoweza kusogezwa kulia na kushoto. Vita vilipobana, mwaka 1916, nyota ile iliyoongezwa kwenye jina ikaja na kupunguza vitu, na kisogezi hicho ni kimojawapo. Kwa hiyo, kama kilengeo chako cha nyuma ni cha 1917, njia ya kurekebisha upande ni kusogeza kilengeo cha mbele tu.

Lakini usikimbilie nyundo. Kilengeo ni kitu cha mwisho kuguswa, kwa sababu ukikisogeza kufidia kosa lililoko kwenye ubao (mti unaoushika mtutu) au mdomo wa mtutu, kosa litahama siku hali ya hewa ikibadilika na utakuwa na makosa mawili badala ya moja.

Kwanza mtoe mtu kwenye hesabu. Laza bunduki kwenye mifuko ya mchanga, ubao wa mbele ndio ukae juu ya mfuko, mtutu usiguse kitu. Piga risasi kumi za aina moja, siku tulivu, ukiacha mtutu upoe kati ya tano na tano. Risasi ya kwanza kutoka mtutu wenye mafuta usiihesabu. Hiyo mara nyingi huenda kwake. Kisha mpe mpigaji mwingine mzuri apige kumi zake. Matundu yake yakiwa katikati, kosa liko begani au kwenye kidole chako. Yakiwa kulia kama yako, endelea.

Pili, mdomo wa mtutu. Wanajeshi walisafisha bunduki hizi kwa kuvuta kamba yenye kitambaa, na kamba iliyovutwa kwa mshazari miaka mingi huchonga upande mmoja wa mdomo. Angalia kwa taa na kioo cha kukuzia: ukingo wa ndani unatakiwa kuwa duara kamili, na mifuo yote mitano imalizike sawa. Pahali palipolika huruhusu gesi kutoka mapema upande mmoja wakati kitako cha risasi kinaachana na mtutu, na gesi hiyo huisukuma risasi. Kuna kipimo cha haraka: chukua kichwa cha risasi peke yake, bila ganda wala baruti, kitie mdomoni pua ikiwa mbele. Kikizama karibu chote, mdomo umelika sana. Kazi ya kuuchonga upya ni ya fundi bunduki mwenye mashine, si ya tupa ya nyumbani.

Tatu ni ubao, na hapa ndipo SMLE nyingi zinapougulia. Bunduki hii haikuundwa ili mtutu uelee bila kuguswa na ubao. Karibu na mdomo kuna kijiti cha chuma chenye springi ndani ya ubao wa mbele, kinachousukuma mtutu juu kwa nguvu ndogo. Mtutu unatakiwa kuguswa na kijiti hicho na kukaa imara kwenye sehemu yake nene ya nyuma, lakini usibanwe ubavuni popote. Mti wa miaka mia hukauka, hupinda, huvimba ukinyeshewa. Ukianza kuugusa mtutu kutoka kushoto, mtutu unasukumwa kulia, na kila risasi inayoupasha joto inaongeza msukumo.

Vipimo vya ubao ni rahisi. Kata ukanda mwembamba wa karatasi, upitishe kati ya mtutu na ubao pande zote mbili unapofikika, na ndani ya ile kofia ya chuma iliyofunika mwisho wa ubao. Inapokwama upande mmoja tu, umepata mgusano. Kisha ushike mtutu karibu na mdomo na uusukume chini kwa kidole gumba. Ushuke kidogo na ukiachia urudi wenyewe kwa springi. Usiposhuka, springi imekufa au kutu imekishika kijiti. Ukirudi nusu au ukisogea pembeni, kuna kitu kinaubana.

Angalia pia nyuma, pale ubao unapopokea teke la bunduki. Kuna sehemu mbili ndani ya ubao zinazokaa dhidi ya chuma cha mwili wa bunduki. Zikiisha au moja ikiwa imebonyea kuliko mwenzake, bunduki hupokea teke upande mmoja na kujipinda kila inapofyatuka. Dalili yake ni matundu yanayotawanyika pembeni hata mkono ukiwa umetulia, au alama za mng'ao upande mmoja wa mti ukifungua. Skrubu ya mbele ya mlinzi wa kifyatulio ina kola yake ndogo ya chuma. Ikipotea, ukikaza unabana mti badala ya chuma, na siku kavu skrubu inalegea yenyewe. Ni kipande kidogo sana, na ndiyo maana huwa kimepotea. Matundu yako yanakaa pamoja vizuri, kwa hiyo sidhani kama nyuma kuna tatizo kubwa, lakini angalia.

Nne, mchezo wa kilengeo cha nyuma. Shika kibao chake kwa vidole na ukitikise kushoto na kulia. Pini yake ikiwa imelika, kitacheza, na kila milimita 0.1 ni sentimita 2 zilezile. Kilengeo kinachocheza hutoa matundu yaliyotawanyika zaidi kuliko yaliyohama, ila ukiwa na desturi ya kukibonyeza upande mmoja kila unapokipanga, utapata kosa la upande mmoja.

Tano, je, vilengeo vimesimama wima? Mtutu uliobadilishwa na kukazwa pungufu au kupita kiasi huacha kilengeo cha mbele kimelala upande. Funga bunduki isiyo na risasi kwenye jiliwa lenye ngozi au mpira, sawazisha kilengeo cha nyuma kwa pimamaji, kisha ning'iniza timazi ukutani mbele yake na utazame kupitia vilengeo. Kilengeo cha mbele kiende sambamba na uzi. Kikiwa kimeinama na msingi wake wote umeinama nacho, hilo ni la fundi.

Kama yote hayo ni safi, sasa chukua kilengeo. Kumbuka mwelekeo, maana wengi huugeuza: kilengeo cha mbele kinafuata kosa. Bunduki inapiga kulia, kilengeo cha mbele kinakwenda kulia. Kilengeo cha nyuma ndicho kinachokwenda unakotaka risasi iende.

Kiasi unakipata hivi: zidisha kosa kwa urefu kati ya vilengeo, gawanya kwa umbali, vyote vikiwa kwa milimita. Kwako ni 150 mara 493, gawanya kwa 100,000. Jibu ni 0.74.

Kwenye SMLE kibao cha mbele kimeingizwa kwenye mfereji wa mshazari juu ya msingi wake, na huwa kimegongwa alama ya nukta ili kisitembee. Mafundi wa jeshi walikuwa na kibanio maalumu cha skrubu kwa kazi hii, kinachosukuma kibao taratibu bila kugonga. Ukikipata cha kuazima klabuni, tumia hicho. Usipokipata, yale masikio mawili ya kofia yatakuzuia kugonga vizuri, na utalazimika kuivua kofia kwa kufungua skrubu zake. Ukiirudisha, ikaze kama ilivyokuwa na urudie kipimo cha karatasi, kwa sababu umeshagusa ule mpangilio wa mti na mtutu.

Kabla ya kusukuma, piga mstari mwembamba wa penseli ngumu au sindano unaokatiza kibao na msingi wake. Huo ndio ushahidi wako. Pima kwa kalipa umbali kutoka ukingo wa kibao hadi ukingo wa msingi. Kama unagonga, tumia panchi ya shaba, mapigo mepesi, na bunduki iwe imeegemezwa imara chini ya msingi wenyewe, siyo kushikwa begani na rafiki. Sogeza milimita 0.5 kwanza, piga risasi tano, ndipo umalizie. Ukivuka na kurudi mara nyingi, mfereji unalegea na kibao hakitashika tena.

Fanya hivyo kwa risasi zilezile utakazotumia mashindanoni. Mtutu mwembamba hutetemeka risasi inapopita, na risasi ya uzito au kasi nyingine hutoka mtetemo ukiwa mahali pengine, kwa hiyo hata upande unaweza kubadilika. Kipimo cha yadi kwenye vilengeo vya bunduki za .303 kilifanywa upya kwa sababu hiyo ya kasi: Mk VI ilikuwa ya greni 215 na pua ya duara, kwa kasi ya kama mita 630 kwa sekunde, na ilipokuja Mk VII mwaka 1910 vilengeo vya zamani vilibidi virekebishwe. Bunduki ndefu zilizorekebishwa huwa na herufi HV kwenye mtutu. Kama mtutu wako umelika, pendelea risasi za kitako bapa. Zile za kitako kilichochongoka haziji vizuri kwenye mitutu mipana ya .303, kwa sababu hazipanuki kujaza mifuo.

Ukishamaliza upande utagundua urefu nao, yaani juu na chini. Kilengeo chako kinaanzia yadi 200, basi kwa mita 100 kupiga sentimita kadhaa juu ni sawa, usikirekebishe. Ikiwa ni nyingi mno, vibao vya mbele vilitengenezwa kwa hatua za inchi 0.015, na hatua moja inahamisha karibu sentimita 8 kwa mita 100. Kibao kirefu zaidi kinashusha tundu. Usikichonge kwa tupa kabla hujapiga mita 300, maana kibao kilichochongwa hakirudi.

Na jambo dogo lenye faida kubwa: kibao cha mbele kichafue kwa masizi. Chuma kilichong'aa kwa kuguswa hushika jua upande mmoja, na jicho hufuata mwanga au kivuli na kukiona kibao mahali kisipo. Moshi wa mshumaa au kibatari, sekunde chache, unakifanya cheusi tii. Kwa bunduki ya kale hakuna rekebisho la bei nafuu kuliko hili.

Kwenye mita 300, kilengeo chako ni cha yadi, siyo mita. Mita 300 ni yadi 328, kwa hiyo weka karibu na 325.

Mchepuko wa mzunguko hapo ni sentimita 2.5 kushoto. Ukisharekebisha kilengeo kwa mita 100, uache. Kinachokusubiri ni upepo. Upepo wa pembeni wa mita 4 kwa sekunde, ule unaotikisa majani na vijiti vidogo bila kupumzika, unaipeleka Mk VII zaidi ya sentimita 20 kwa umbali huo. Martini ya jirani yako kwenye mstari, kwa upepo uleule, inaweza kwenda sentimita 80.

Kisha kuinamisha bunduki. Risasi ya Mk VII inaanguka karibu sentimita 90 kutoka mstari wa mtutu kwa mita 300. Ukiinamisha bunduki digrii 5 kulia, sehemu ya anguko hilo inageuka kuwa upande: kama sentimita 8 kulia, zaidi ya mara tatu ya mchepuko. Kwa Martini, inayoanguka karibu mita 4, ni theluthi ya mita. Digrii 5 mtu hazihisi, hasa akiwa amelala kifudifudi kwenye ardhi isiyo sawa. Mweke mwenzako nyuma yako na uzi wenye jiwe ukining'inia mbele yake, akuambie kama vilengeo vimesimama unapopiga. Jicho lako mwenyewe halifai kwa kazi hiyo.

Mzunguko wa dunia usikushughulishe. Kwa latitudo za Kanada unaongeza sentimita chache kulia kwa mita 600. Kwa mita 300 ni chini ya sentimita 1, na karibu na ikweta msogeo huo wa pembeni haupo kwa kipimo chochote cha bunduki.

Kabla ya yote, kama hujafanya, mpe fundi mwenye leseni akague komeo na chemba. Na ukitumia risasi za akiba za zamani za jeshi, fataki zake (viwashio vya baruti) nyingi huacha chumvi inayokula chuma, kwa hiyo mimina maji ya moto ndani ya mtutu siku hiyohiyo, kausha, kisha paka mafuta. Mashimo ya kutu mdomoni yatakurudisha kwenye tatizo la mdomo uliolika.

Kuhusu Mosin ya mwenzako. Mifuo yake ni ya kulia, kwa hiyo kwake upande wa mchepuko unalingana na kosa, ila ukubwa ni uleule mdogo. Muulize kwanza kama anapiga akiwa na singe. Bunduki hizo zilipangwa vilengeo singe ikiwa imefungwa, nayo hukaa moja kwa moja kwenye mtutu, upande wa kulia. Uzito huo hubadilisha mtetemo wa mtutu na kuivuta risasi kushoto. Ukiivua, tundu linahama, na kuhama sentimita 10 au zaidi kwa mita 100 ni kawaida. Kwako singe ya 1907 inashikana na kofia ya mbele na haigusi mtutu moja kwa moja, kwa hiyo athari yake ni nyingine. Mwambie apige matundu matano na singe na matano bila singe, karatasi mbili tofauti, kisha achague moja ya hali hizo na kusogeza kilengeo cha mbele kuifuata. Urefu kati ya vilengeo vyake ni milimita 622, aweke hiyo kwenye hesabu badala ya 493. Akiwa na Mosin ya 1891 ya kale ambayo haijabadilishwa, ajue pia kuwa namba za kilengeo chake ni arshini, kipimo cha zamani cha Kirusi, na arshini moja ni sentimita 71 tu.